Je, upande wa mashtaka unalazimika kutoa ushahidi unaomfaa mshtakiwa?

Swali, kutoka kwa Msomaji wa Nakuru

Naomba msaada wa wenye ujuzi wa sheria ya Kenya. Binamu yangu ameshtakiwa kwa wizi wa kimabavu, na tumepewa nakala za taarifa za mashahidi. Hata hivyo, tunajua kwamba bawabu aliyekuwa zamu usiku ule aliandikisha taarifa kituoni, akasema hakuweza kumtambua yeyote kati ya wavamizi. Taarifa yake haimo katika tulizopewa, wala yeye hayumo katika orodha ya mashahidi. Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba inataja ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea. Je, ule wasiokusudia kuutegemea unaweza kubaki katika faili la polisi bila sisi kuuona?

Jibu, kutoka kwa Wakili wa Utetezi

Poleni sana, ndugu. Ibara hiyo haisomwi peke yake, kwa kuwa 50(2)(c) inampa mshtakiwa muda na nyenzo za kutosha kuandaa utetezi, na hakuna utetezi unaoweza kuandaliwa juu ya jambo lililofichwa. Hata kabla ya Katiba ya 2010, Mahakama ya Rufaa ilikwisha kusema, katika kesi ya Thomas Cholmondeley mwaka 2008, kwamba upande wa mashtaka una wajibu wa kumpa mshtakiwa mapema nyenzo zote zinazohusika, na kwamba ukiona ipo sababu ya kuzuia kitu fulani, mathalani maslahi ya umma, hauna budi kulifikisha jambo hilo kwa jaji au hakimu ili yeye ndiye aamue.

Wakili wenu aiandikie Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, aitaje taarifa ya bawabu waziwazi, na aombe pia nakala ya yaliyoandikwa usiku huo katika OB, yaani daftari la matukio la kituo cha polisi. Asipojibiwa, apeleke ombi kortini kabla mashahidi hawajaanza kusikizwa. Msiombe "kila kitu", maana ombi la jumla hujibiwa kwa jumla.

Jibu, kutoka kwa Mwalimu wa Sheria

Naongezea chimbuko la msimamo huo, kwa sababu katika uamuzi wa Cholmondeley majaji wetu waliirejelea kesi ya Uingereza ya Judith Ward. Mwanamke huyo alihukumiwa mwaka 1974 kwa milipuko ya mabomu, ukiwemo ule wa basi katika barabara ya M62 uliowaua watu 12, akakaa gerezani takriban miaka 18 hadi hukumu ilipobatilishwa mwaka 1992. Wataalamu wa maabara ya serikali walikuwa wamedai kwamba alikutwa na mabaki ya naitrogliserini, kemikali ya vilipuzi, lakini hawakueleza kuwa majaribio yao wenyewe yalionyesha kwamba rangi zilizomo katika dawa ya viatu zinaweza kutoa matokeo yanayofanana na hayo. Mawakili wake wangeliombaje karatasi ambayo hawakujua kuwa ipo? Ninyi mna bahati ya kumjua bawabu. Washtakiwa wengi hawajui hata kuna nani wa kuulizwa, na hilo linanisikitisha mno.

Jibu, kutoka kwa Mkazi wa Arusha

Huku Tanzania, katika kesi zinazokwenda Mahakama Kuu, mshtakiwa husomewa kwanza katika mahakama ya chini maelezo ya mashahidi. Lakini nako ni maelezo ya wale ambao Mkurugenzi wa Mashtaka anakusudia kuwaita, hivyo pengo analolalamikia ndugu wa Nakuru lipo hata kwetu.

Swali la nyongeza, kutoka kwa Msomaji wa Nakuru

Asanteni sana. Na kama taarifa ya namna hii ingejulikana baada ya mtu kufungwa na rufaa zake kukataliwa?

Jibu, kutoka kwa Wakili wa Utetezi

Ibara ya 50(6) inamruhusu kuomba Mahakama Kuu iamuru kesi isikizwe upya, iwapo umepatikana ushahidi mpya na wenye uzito. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Tom Martins Kibisu mwaka 2014, ilieleza kwamba ushahidi huo uwe haungeweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa bidii ya kutosha, na uwe ungeelekea kubadilisha hukumu. Kwa maoni yangu, taarifa iliyofungiwa katika faili la polisi isihesabiwe kamwe kuwa uzembe wa mfungwa, lakini msisubiri kufika huko. Barua iandikwe wiki hii, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.