Nimechanganya nyanya fupi na ndefu, miche yote imetoka mirefu. Niing'oe?

Mkulima wa Ilula: Wakuu, habari za jioni. Nalima nyanya huku Ilula, Iringa. Rio Grande naipenda kwa ufupi wake na tunda gumu linalovumilia tenga mpaka Dar. Money Maker naipenda kwa ladha, ila inarefuka mno na miti ya kusimikia imepanda bei. Nikachavusha kwa mkono, ua la Rio Grande kwa chavua ya Money Maker, nipate mche mfupi wenye tunda tamu. Sasa yote imepaa, hakuna hata mmoja uliokomea kiunoni. Msaada tafadhali.

Fundi Mbegu: Usiing'oe, mkuu! Urefu ndio unaotawala, ufupi hujificha kizazi cha kwanza. Mama ni mfupi, kwa hiyo miche ingetoka mifupi ningesema uchavushaji haukushika. Acha ijichavushe yenyewe, chukua mbegu, panda tena. Kwa wastani 1 kati ya 4 utakuwa mfupi. Ukipanda 80 tegemea kama 20. Na huo mfupi ukijichavusha hauzai mirefu tena.

Mkulima wa Ilula: Asante sana. Nitautambuaje mapema?

Fundi Mbegu: Hesabu majani kati ya shada na shada la maua. Mrefu huweka kama 3, kisha shada, kisha 3 tena, haukomi. Mfupi hupunguza: 2, 1, halafu ncha ya shina inaishia kwenye maua.

Mama Shamba: Wanangu, msitazame urefu peke yake. Mche mfupi uliojifunga majani kama kabichi, kwa mvua za Januari huko Iringa, haukauki ndani na ugonjwa wa bakajani unaanzia humo. Katika hiyo mifupi chagua iliyotanua matawi, jua lifike chini. Maotea yake, yaani machipukizi ya pembeni, usiyamalize, ndiyo yanayobeba matunda. Toa yaliyo chini ya shada la kwanza tu, pamoja na majani yanayogusa udongo, maana matone ya mvua hurusha ugonjwa kutoka chini. Kubakiza shina moja au mawili ni kwa nyanya ndefu.

Mkulima wa Ilula: Shikamoo mama, nimekuelewa. Na ladha je, itakuja na ufupi?

Fundi Mbegu: Hapana, hiyo inarithiwa kivyake. Onja mche kwa mche, ulio mzuri ufunge uzi, mbegu zake zihifadhi peke yake. Endelea kuchagua hivyo mpaka kizazi cha 6 au 7, ndipo utulie.

Mama Shamba: Na kila pakiti iandike kwa penseli, wino unafutika.