Fidia ya Evanston: ni haki au ni pesa ya fundi paa?

Mkwaju: Wakuu, Evanston, mji ulio kaskazini mwa Chicago, ulipitisha fidia kwa weusi Machi 2021. Madiwani 8 walikubali, 1 akakataa. Dola 25,000 kwa mweusi aliyeishi pale akiwa mtu mzima kati ya 1919 na 1969, au mzao wake. Mwanzoni pesa ilitoka kwenye kodi ya 3% ya bangi, inayouzwa kihalali huko. Hii ni fidia kweli?

Nyangumi: Fidia gani unapewa na kupangiwa matumizi? Mwanzoni pesa haikupita mkononi mwa mtu. Ililipwa benki inayodai mkopo wa nyumba, au fundi, au ikawa malipo ya awali ya nyumba. Bibi wa miaka 80 aliyepanga, asiye na mkopo wala nia ya kununua, akarabati paa la mwenye nyumba? Yule diwani aliyekataa, Cicely Fleming, ni mweusi, na alisema wazi huu ni mpango wa makazi, si fidia.

Bi Rehani: Nyangumi umesoma nusu. Wanasheria wa mji walihofia taslimu ingehesabiwa kipato na kukatwa kodi ya serikali kuu. Tena kosa lenyewe lilikuwa la nyumba: ramani za miaka ya 1930 zilipaka mitaa ya weusi rangi nyekundu, benki zikakataa kukopesha humo. Na taslimu iliruhusiwa 2023.

Nyangumi: Baada ya kelele.

Mkwaju: Tatizo langu ni kasi. Bahati nasibu ya Januari 2022 ya kupanga nani alipwe kwanza ilitoa watu 16, yaani dola 400,000 tu. Bangi ilikuwa inaingiza matone, na wapo wazee waliokufa wakingoja zamu.

Chuma Ulete: Na watoto wa Wakenya na Watanzania waliozaliwa huko je? Ngozi si ile ile?

Bi Rehani: Evanston inaangalia mji na miaka. Jimbo la California lilikaza zaidi: kamati yao ya fidia, Machi 2022, kura 5 kwa 4, ikasema ni wazao wa weusi, watumwa au huru, waliokuwa Marekani kabla ya karne ya 19 kwisha. Aliyeshuka uwanja wa ndege 1995 hayumo.

Chuma Ulete: Kumbe polisi akimsimamisha kijana usiku anamuuliza kwanza babu yake alifika lini?

Nyangumi: Hilo la polisi lina mada yake. Hapa ni deni, na deni la marehemu hudaiwa na warithi, si na majirani wanaofanana naye.

Chuma Ulete: Jirani?! Hilo neno lirudishe.

Pwani Raha: Warithi? Haya, tuanzie kwetu. Unguja 1897, tangazo la Sultani Hamoud: mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, halafu fidia anapewa bwana! Masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Washington nako 1862 mabwana walilipwa hadi dola 300 kwa kichwa.

Mkwaju: Mkuu, fungua uzi wako.

Pwani Raha: Mada si fidia? Uingereza iliwatengea mabwana pauni milioni 20 kwa sheria ya 1833 ya kufuta utumwa. Mtumwa hakuona hata peni. Mnashangaa bangi!

Bi Rehani: Pwani hapo sina ubishi. Ila kwa anayesaidia mzee kujaza fomu za fidia kama hizi: kuthibitisha kuishi mjini ni sehemu rahisi. Mzao lazima aunganishe kila kizazi kwa karatasi, cheti cha kuzaliwa juu ya cheti. Mnyororo hukatikia kwa bibi aliyebadili jina alipoolewa, kwa hiyo cheti chake cha ndoa kitafutwe kabla ya kitu kingine.

Mkwaju: Na kama hakipo?

Bi Rehani: Tafuteni sensa. Ya 1950 iko wazi tangu 2022, inaonyesha nani alilala nyumba ipi na uhusiano wake na mkuu wa kaya.

Chuma Ulete: Nyangumi, bado nakusubiri. Jirani nani?