Hermes: mungu kamili au tarishi tu wa Zeus?

Msoma Kale: Wadau, nauliza kwa nia njema. Hadithi za Wagiriki wa kale, kila ukimkuta Hermes katumwa na Zeus, mkuu wa miungu. Mungu wa kike Calypso amwachie shujaa Odysseus aende kwao: katumwa Hermes. Argos, jitu la macho mia, auawe: Hermes. Mimi namwona tarishi tu, kavalishwa viatu vya mabawa. Mungu gani hana lake?

Binti Chumbageni: Umesoma nusu. Kazaliwa alfajiri, mchana anapiga kinubi alichokitengeneza kwa gamba la kobe, jioni kaiba ng'ombe hamsini wa mungu Apollo na kuwaswaga kinyumenyume ili nyayo zidanganye. Hapo alitumwa na nani?

Mzee Kombo: Ngojeni kwanza. "Tarishi tu"? Baba yangu alikuwa tarishi miaka 26 na mshahara ule ndio ulionisomesha. Hiyo "tu" ya nini?

Msoma Kale: Shikamoo mzee. Sikumlenga baba yako, nazungumzia Ugiriki.

Mzee Kombo: Marahaba. Lakini umelitumia kama tusi. Barua za misiba, za kupandishwa cheo, za kuachishwa kazi, zote zilipita mikononi mwake na hakufungua hata moja. Wakubwa wangapi wanaweza hivyo?

Fundi Saa: Mzee ana haki. Halafu kwenye Iliad, utenzi wa vita vya Troia, anayetumwa zaidi si yule mungu wa kike Iris?

Binti Chumbageni: Ndiye! Tazama kitabu cha 24. Priamos, mfalme wa Troia, anataka kwenda kukomboa maiti ya mwanawe Hektor. Ujumbe wa "nenda" kauleta Iris. Hermes yeye kashika hatamu usiku, kawalaza walinzi usingizi, kamfikisha mzee mpaka kwa Achilles aliyemuua Hektor, kisha kamwamsha kabla ya kucha akamtoa salama. Hata wafu ni yeye anayewapeleka kuzimu. Huyo ni msindikizaji, na kusindikiza ni zaidi ya kupeleka maneno.

Msoma Kale: Na hapo kwa Priamos pia katumwa na Zeus. Hamjanijibu.

Jamila_K: Ile fimbo yake ya nyoka wawili si ndiyo ya madaktari?

Fundi Saa: Hapana dada. Ya tiba ni ya Asklepios, mungu wa uganga, nyoka mmoja, haina mabawa. Kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kilichukua ya Hermes mwaka 1902, ndipo wengi wakachanganya.

Jamila_K: Basi duka la dawa mtaani kwetu wamechora ya mungu wa wafanyabiashara na wezi!

Msoma Kale: Turudi kwenye mada. Tunasema mjumbe hauawi. Sawa. Je, mjumbe akiua, kama alivyomuua Argos, damu ni ya nani? Kama ni ya Zeus, basi Hermes ni mkono wa mwenzie. Kama ni yake, nakubali ni mungu kamili. Na ile "tu" nimeifuta, mzee.

Mzee Kombo: Kwenye kichwa cha mada bado ipo. Naiona.