Ukoo wa Babu 🏡: Baraka na safari ya Wild Coast

Baraka: Shikamooni wakubwa. Dada Rehema, mwezi wa 6 nina likizo nataka nije huko Joburg alafu nishuke ile Wild Coast unayoisifia, ila mfuko umekaa vibaya

Rehema: Karibu sana mdogo wangu!! Pasi ya Tanzania huku viza huhitaji, unapewa siku 90. Basi la usiku kutoka Park Station hadi Mthatha, toa keshi palepale maana mama wa kijijini utakayelala kwake hana mashine ya kadi, kisha unapanda teksi yani vihiace vyao mpaka Port St Johns

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Ndo wapi huko jamani

Rehema: Jimbo la Eastern Cape huku Afrika Kusini shangazi, upande uliokuwa Transkei, eneo walilotengewa weusi enzi za ubaguzi, kwao Mandela. Lami kubwa ya N2 inapita mbali na bahari na kila mto umechimba korongo lake ndo maana mahoteli hayajajaa. Vilima vya majani vinaishia majabalini, nyumba za msonge zimepakwa rangi ya bahari, ng'ombe wamelala ufukweni

Baraka: Nasikia watu wanatembea kwa miguu

Rehema: Ndo utamu wenyewe, Port St Johns mpaka Coffee Bay, km 60 na kitu, siku 5 polepole, usiku unalala kwa wenyeji godoro chini

Juma: Aweke ramani kwenye simu aende mwenyewe, hela ya kumlipa wa kumtembeza ya nini

Rehema: Hapana Juma, hapo asibane. Mito mingi haina daraja, unavuka maji yakipwa au kwa kimtumbwi, na midomoni mwa mito kuna papa, mwenyeji ndo anajua saa na mahali. Na hela inabaki kijijini. Wale watu wameipigania ile bahari, Shell walipotaka kupiga mawimbi ya sauti kutafuta mafuta na gesi wanavijiji na wavuvi walikwenda mahakamani, Desemba 2021 ikasimamishwa, 2022 mahakama ikasema kibali ni batili. Sasa umpite mtu kama huyo mlangoni kwake bila kumwachia hata randi?

Juma: Sawa hapo nimekuelewa

Shangazi Mwanaidi: Na chakula?

Rehema: Makande kabisa shangazi, wao wanaita umngqusho, mahindi ya kukoboa na maharage kwenye chungu cha chuma cha miguu 3, yanatokota kutwa mpaka yanalegea. Maji yakitoka kina mama wanashuka mwambani na kipande cha chuma wanabandua kome, wakikuuzia nunua

Rehema: Baraka beba sweta zito, Juni ni baridi. Ukikutana na vijana wamejipaka udongo mweupe wamejifunika blanketi wako jandoni hao, simu mfukoni, usipige picha

Mjomba Salum: Hapo umesema, jando si maonyesho

Shangazi Mwanaidi: Na asiogelee!

Rehema: Second Beach pale Port St Johns hata mguu asitie, papa wameshaua watu pale. Nitumie tarehe leo nikuulizie basi

Baraka: Natuma sasa hivi dada 🙏🏾