Mrejesho: mama na upasuaji wa mgongo

Mwezi wa tatu niliwauliza kama mama yangu, mwenye miaka 74, apasuliwe mgongo: njia ya mishipa ya fahamu imebana, miguu inakufa ganzi, na mlima wa Kadutu haupandi tena. Wengi wenu mlitaja umri. Daktari wetu hapa Bukavu aliuliza mengine kabisa.

Alimwambia mama ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, huku akihesabu sekunde. Akampima nguvu ya kiganja. Akauliza amepungua kilo ngapi, nani anamwogesha, kama ana sukari, presha, ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Akanieleza kwamba wazee wa umri mmoja hawana hatari sawa: aliyedhoofika mwili mzima hupata kwa urahisi zaidi nimonia, kidonda kisichofunga, na kuchanganyikiwa akili baada ya dawa ya usingizi. Hilo liliniuma sana, maana mama alikonda mbele ya macho yangu nikadhani ni uzee tu.

Basi hatujapasua bado; kwanza apate nguvu. Wiki ya 6 sasa anakula sambaza (samaki wadogo wa ziwani) na maharage, anafanya zoezi la kuinuka kitini asubuhi na jioni, na dawa zake za presha zimepangwa upya. Jana ameinuka bila kushika meza. Nililia.

Mwezi ujao tunarudi kupimwa. Lakini mkojo ukianza kumtoka, au miguu ikilegea ghafla, hakuna kungoja. Hilo daktari alilirudia mara tatu.

Mlionijibu usiku ule, Mungu awabariki.