Msaada: droni ya ramani za mashamba, logi irekodi vitu gani? Kadi inajaa na jibu silioni

Jaruba_Juu
Wakuu habarini za jioni. Nina droni ya mota nne nimeiunga mwenyewe, ubongo wake Pixhawk na ndani programu ya kuirusha ya ArduPilot, napigia picha mashamba ya mpunga huku Ifakara. Wiki mbili zilizopita ilikuwa juu kama mita 40 kwenye misheni ya kawaida tu ikazima ghafla ikaja chini kama jiwe, bahati ilidondokea kwenye jaruba lenye maji na hapakuwa na mtu, mikono miwili ikavunjika. Logi, yaani kumbukumbu ya safari inayoandikwa kwenye kadi, nikafungua sikuambulia kitu. Basi baada ya kuitengeneza nikaingia Mission Planner, ile programu ya kompyuta ya kuipangia droni, kwenye LOG_BITMASK panapochaguliwa vya kurekodi, nikatiki viboksi vyote nikasema safari hii hainifichi kitu. Sasa logi ya dakika 14 inapita MB 200, kuishusha kwa waya wa USB nakaa mpaka nachoka, na jana imegoma kabisa kuwasha mota inaandika Logging failed. Nitiki vipi niache vipi? Kuna wakulima sita wanasubiri ramani kabla ya kuweka mbolea ya kukuzia na mimi naogopa kuirusha nikiwa gizani.

fundi_anga
Pole sana mkuu. Ondoa hizo tiki, andika 176126 halafu save, hiyo ndiyo namba ya kiwandani ya Copter, yaani ArduPilot ya droni kama yako. Humo unapata GPS, betri, dira, mkao wa droni, mota, rimoti na IMU (sensa za mwendo) ya kawaida, yaani karibu kila kitu cha kukuambia kwa nini imeanguka. Kinachokula kadi ni IMU ya kasi na IMU ghafi, hizo unawasha siku unatafuta chanzo cha mtetemo au unarekebisha filta, unaruka dakika mbili unashuka unazima. PID, ile hesabu ya kuituliza droni, nayo ni ya siku ya kutyuni. Na LOG_DISARMED iwe 0, ukiiacha 1 inaandika hata ikiwa mezani unachomeka chomeka.

Kipanga255
Mimi natiki zote mwaka wa pili huu na sijaona shida, kadi siku hizi bei rahisi jamani.

fundi_anga
Kipanga, nafasi siyo ishu, ishu ni spidi ya kuandika. Fungua logi yako uangalie Dp kwenye DSF, ndiyo hesabu ya vilivyokataliwa kuandikwa, ikiwa inapanda ujue kuna vitu vimedondoshwa njiani havikuandikwa. Ukirekodi kuliko kadi inavyoweza kumeza, cha kupotea huchagui wewe, inaweza kuwa ile sekunde uliyokuwa unaitaka. Jaruba_Juu na wewe badilisha kadi, chukua orijino ya GB 16 au 32, fomati FAT32, hiyo Logging failed mara nyingi ni kadi feki au imechoka.

DadaRamani
Kaka pole. Naomba kuuliza, logi ya siku ile ya ajali bado unayo? Maana mnabishana tiki na jibu labda lipo tayari. Nenda mwisho kabisa, chora BARO Alt, yaani urefu kutoka chini. Logi ikikatika wakati urefu bado uko juu, basi Pixhawk haikufa kwa kuanguka, umeme ulikata ikiwa hewani. Halafu chora POWR Vcc, umeme unaoingia Pixhawk, inatakiwa itulie karibu na volti 5.

Jaruba_Juu
Dada Mungu akubariki. Nimechora sasa hivi mikono inatetemeka. Alt inakatika kwenye mita 38!! Vcc ilikuwa imetulia 5.0, sekunde chache kabla ya mwisho inaruka 4.7, inarudi, inashuka 4.4, basi. Nimeenda kuangalia waya wa pawa modyuli, ile inayoilisha Pixhawk umeme kutoka betri, konekta ikiwa imechomekwa huoni kitu, nimeichomoa pini mbili za mwanzo zimekuwa nyeusi na plastiki imelegea, ukiugusa waya kwa kidole taa za Pixhawk zinapepesa. Na mimi nimeitengeneza nikairusha mara tatu na waya huohuo, tena juu ya watu wanapalilia.

DadaRamani
Usiurudishie, weka modyuli mpya na waya wake, ufunge usicheze cheze. Ukiruka tena tazama na VIBE, kipimo cha mtetemo, X, Y na Z zote tatu zikikaa chini ya 30 uko salama, zikifika 60 shuka, na Clip, idadi ya mara sensa imezidiwa na mtetemo, iwe sifuri. Hiyo mikono mipya inaweza kuleta mtetemo na ndio unaolegeza konekta.

Jaruba_Juu
Sawa dada. 176126 nimeweka, kadi naagizia Morogoro kesho pamoja na modyuli. Nikipata narusha mita 5 kwenye uwanja mtupu, logi naileta hapahapa muiangalie kabla sijaenda shambani. Wakulima nimewapigia nimewaambia wanisubiri.