MREJESHO: ile ampu ya valvu iliyokuwa inanguruma

Wadau asanteni sana. Niliuliza kuhusu ampu yangu ya gita (kikuza sauti cha valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti) hapa Kisumu, inanguruma hata gita ikichomolewa na volyum iko ziro. Mmoja wenu aliniambia nitoe valvu za mbele (zinazokuza sauti ya gita kwanza), nikatoa na ngurumo ikabaki vilevile, so shida haiko kwa hizo, pengine ni pawa saplai (sehemu inayolisha ampu umeme). Stima yetu ni hezi 50 lakini programu ya simu ilisoma ngurumo kuwa hezi 100, mara mbili ya stima, kama inavyotoka kwa pawa saplai, hapo nikashuku kapasita za filta (zinazotunza chaji na kulainisha umeme) zimechoka. Fundi wa Kondele akafungua, moja imevimba kichwa na inatoa maji ya kahawia, akamaliza chaji kwanza na rizista maana volti mia kadhaa hubaki humo hata ukichomoa plagi, tafadhali msicheze nayo. Sasa imetulia kabisa, kamebaki tu kamlio kembamba nikikaa karibu na taa za LED, hako kanaingilia kwa pikapu (kihisi cha nyuzi kwenye gita), nikigeuka kanapungua.